Mbegu kwa Wifi

Siku mifuko ya uyoga ilipotolewa chumbani, aliyeibeba alikuwa mume wake mwenyewe. Hilo ndilo lililomkaa Mama Uyoga rohoni kuliko mengine yote. Wangekuja vibarua, angewapigia kelele. Wangekuja majirani, angejifungia ndani. Lakini mumewe, fundi friji, aliingia na kutoka, mfuko kila mkono, macho chini, kama mtu anayemsaidia mpangaji kuhama. Kila alipompita mkewe alisema "samahani kidogo", maana mlango ulikuwa mwembamba na mke hakusogea.

Mama mkwe alikaa sebuleni amejiziba pua na mtandio, anakohoa. Kikohozi kilikuwa cha kweli, hakuna aliyekikana. Uyoga ule ukikomaa humwaga vumbi la kahawia, laini kuliko poda, nalo lilikuwa limepenya chini ya mlango likatanda hadi juu ya kabati la vyombo. Mama Uyoga alikuwa ameshaahidi kuziba upenyo ule kwa mpira na kutoboa dirisha upande wa nyuma. Alichoomba ni muda tu.

"Nyumba ni yangu," mama mkwe alisema. "Sitaki kufa kwa vumbi la mtu."

"Na angekuwa na huruma angeitoa mwenyewe, si kungoja aambiwe," alidakia Bi Marashi, dada wa fundi friji. Huyu alikuwa na duka la manukato na mafuta ya nywele pale barabarani, na harufu yake ilitangulia kuingia kabla yake. Ni yeye aliyelizua hilo jina la Mama Uyoga. Kwenye harusi ya binamu, mbele ya watu, alisema wenzake wanaitwa mama fulani na mama fulani, huyu wifi yetu tumwiteje, naona tumwite Mama Uyoga, si ndio anaolea? Watu walicheka. Jina likaganda. Baadaye, dawa yake ilipojulikana, watu wakaliita kwa heshima, lakini mwenyewe hakusahau lilikotoka.

"Mnaipeleka wapi?" aliuliza.

"Jalalani," alisema Bi Marashi. "Kwani uchafu hupelekwa wapi?"

Gari la mizigo likaondoka. Chumba kikabaki na rafu tupu na sakafu iliyolowa. Mama mkwe naye akafungasha nguo zake chache, akasema anakwenda kupumzika kwa binti yake mpaka nyumba iishe harufu. Mama Uyoga alichukua tambara akaanza kupangusa kabati la vyombo. Alipangusa mpaka rangi ikaanza kutoka.

*

Uyoga wenyewe haukuwa wa mboga. Ulikuwa mgumu kama ubao, mwekundu, unang'aa kama fanicha iliyopakwa vanishi, na mchungu kiasi cha kumfanya mtu afumbe macho. Watu waliukata vipande vyembamba, wakauchemsha, wakanywa maji yake. Mama Uyoga alianza kuuotesha baada ya kupunguzwa kazi ya upishi kwenye shule moja ya bweni, na mteja yeyote aliyekuja mlangoni alipewa maneno yaleyale kabla ya kufunguliwa mfuko: "Huu unasaidia mwili. Hauchukui nafasi ya dawa za daktari. Ukiacha vidonge vyako kwa sababu yangu, usirudi kununua." Wengine walimwona ana maringo. Walirudi hata hivyo.

Mmoja wao, dereva wa lori ambaye mkewe alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, ndiye aliyemsimamisha njiani siku moja, mifuko ilipokwisha kuchukuliwa.

"Siku hizi biashara umemwachia wifi yako?"

"Biashara gani?"

Dereva akatoa kopo kwenye mfuko wa koti. Juu yake palikuwa na picha ya Bi Marashi amevaa koti jeupe kama daktari, ameinua uyoga mwekundu sawa na mtu aliyeshinda kombe. Chini ya picha paliandikwa kwamba dawa ile inatibu presha, sukari, uvimbe wa aina zote na kukosa usingizi.

Mama Uyoga alimrudishia kopo, akageuza njia.

Dukani palikuwa na watu wamepanga foleni hadi nje. Hakupanga. Alipita hadi pazia la nyuma, akalivuta. Mifuko yake ilikuwa imepangwa kwenye rafu mpya, moja juu ya nyingine, hai, imefungwa shingoni kwa vipande vya mpira alivyovikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni. Mmoja ulikuwa umechanua vizuri ajabu. Aliutambua. Alikuwa ameusogeza karibu na dirisha siku ya mwisho ili upate hewa.

"Aa, wifi, karibu!" Bi Marashi alisema kwa sauti ya kusikika mpaka foleni ya nje. Kisha akawageukia wateja. "Msimshangae. Huyu alikuwa ananisaidia kumwagilia. Ana mkono mzuri sana wa kumwagilia."

Mtu mmoja akampa heko kwa kumwagilia.

"Wifi yangu haondoki mikono mitupu," Bi Marashi akaendelea, akachukua kopo dogo kabisa kwenye kaunta, akamshindilia kiganjani. "Hili lako, bure. Mtu wa nyumbani hauziwi."

Macho yote yalikuwa kwake. Angeweza kulitupa kopo lile chini. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema asante, na aliutembea mtaa mzima na kopo mkononi kama mtoto aliyetumwa dukani.

Fundi friji alimkuta ameliweka katikati ya meza.

"Ulisema umetupa," mkewe alisema.

"Nilisema nimetoa."

"Ulijua?"

Alivua viatu polepole, kimoja, halafu cha pili. "Ni dada yangu. Ningefanya nini?"

"Hata kuniambia?"

"Ungekasirika."

Mama Uyoga alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi kikavu, na mume alikisikia akaona afadhali angetukanwa. Tangu siku hiyo alipewa chakula, alifuliwa nguo, aliitikiwa kila alichouliza, lakini alijiona anaishi na mtu wa mapokezi ofisini.

*

Mfuko wa uyoga huzaa mara chache ukachoka. Ukichoka, unabaki donge la maranda ya mbao lisilo na faida, mpaka upate mbegu uanze mingine. Na mbegu hazichumwi. Hutengenezwa kwa mtama uliochemshwa, ukatiwa kwenye chupa, ukapikwa tena kwenye sufuria ya presha, kisha ukapandwa kipande cha uyoga hai karibu na mwali wa moto ili uchafu usiingie. Bi Marashi alikuwa amebeba mifuko, rafu na wateja. Hilo la mbegu hakulijua mpaka siku mifuko ilipogoma.

Alimtuma kaka yake kwanza.

"Dada anaomba mbegu," fundi friji alisema, amesimama mlangoni mwa jikoni kama anayeomba ruhusa ya kuingia kwake mwenyewe.

"Mwambie aje aombe kwa mdomo wake."

Akaja. Akaja na chupa ya manukato ya bei, imefungwa utepe, na meno yote nje. "Wifi yangu, sisi tugombane ili wafaidi nani? Yaliyopita tuyaache huko. Nimekodi chumba cha jirani, nimetia rafu, watu wameshanilipa kabla ya mzigo. Usiniangushe."

"Wameshalipa?"

"Wote."

Mama Uyoga alifungua manukato, akajipaka kidogo nyuma ya sikio, akanusa kifundo cha mkono. "Mazuri," alisema. "Nipe siku kadhaa nikuandalie. Za kutosha chumba kizima."

Aliziandaa kwa uangalifu ambao hajapata kuutumia katika kazi njema. Aliosha chupa, akachemsha mtama, akaupoza juu ya kitambaa safi. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, kwenye donge moja kuukuu lililoachwa chini ya karo, lililoshikwa na ukungu wa kijani, adui mkubwa wa kila anayeotesha uyoga. Akaukwangua kwa ncha ya kisu. Akautia kidogo kidogo katika kila chupa. Alijikuta anaimba wimbo wa jikoni aliokuwa akiuimba kule shuleni wakati wa kugawa chakula.

Ukungu ule una hila moja: mwanzoni ni mweupe. Mweupe kama mbegu nzuri, tena hukua haraka kuliko mbegu nzuri. Mzoefu angehisi kitu kwa harufu, ile ya nguo iliyokunjwa kabla ya kukauka. Bi Marashi hakunusa chochote ila Bi Marashi.

"Ona weupe huo!" alisema, ameinua chupa kwenye mwanga. "Pamba tupu."

"Pamba tupu," Mama Uyoga alikubali, akamfungulia mlango.

*

Habari aliletewa na mume, jioni, kabla hata hajakaa.

"Mifuko imegeuka kijani. Yote, chumba kizima. Dada analia, hali wala hanywi."

"Maskini. Pole yake." Akammiminia chai, akamwongezea sukari bila kuombwa. Siku ya pili alishusha mapazia yote ya nyumba, akayafua, akayaanika, akasimama uani anayatazama yanavyopepea. Hakuwa amelala vizuri hivyo kwa miezi. Alimwona Bi Marashi akirudisha fedha za watu mmoja mmoja, akilivua koti lake la udaktari, akifunga lile pazia la nyuma. Aliyaona hayo yote kichwani, akayarudia, na kila aliporudia aliongeza watu kwenye foleni.

Lakini duka halikufungwa. Siku zikapita, na foleni ikawa palepale. Hilo lilimsumbua, ila hakutaka kuuliza.

Jioni moja fundi friji alirudi mikono ya shati imepakaa vumbi la rangi ya majani makavu.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa dada. Mota ya mashine yake ya kusagia ilikuwa imeungua."

"Anasaga nini?"

"Si ile mifuko iliyogeuka kijani." Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Ameianika ikakauka. Anasema ikisagwa na kuchanganywa na kahawa, rangi haionekani tena. Wateja wameshalipa, atawaambia nini?"

Mama Uyoga aliketi. "Anasaga ukungu?"

"Anasaga vyote pamoja. Maranda, kila kitu."

"Na wewe ukatengeneza mota."

"Sasa dada yangu aki—"

"Nani anakunywa?"

"Wateja. Na Mama. Mama ndiye anayekaa dukani kuwaonyesha watu. Ameacha hata vile vidonge vyake vya presha, maana dada alimwambia haviendi pamoja. Ila tumbo linamsokota sasa, usiku kucha anashika ukuta."

Wazo la kwanza lililomjia Mama Uyoga lilikuwa: anywe. Hakulifukuza. Alilikalia, akamkumbuka mama mkwe na mtandio wake puani, akasema tena moyoni, anywe. Si alisema hataki kufa kwa vumbi la mtu? Afe kwa la mwanawe. Wazo lile lilikuwa tamu, na lilikaa naye alipoosha vyombo na alipozima taa. Usingizi ulikuja kama kawaida.

Asubuhi, alipokuwa akifunga vifungo vya blauzi mbele ya kioo, alimwona yule dereva wa lori akilini mwake, akifungua kopo mbele ya mkewe mgonjwa. Dereva hakuwa amemkosea kitu. Alivaa viatu akatoka bila kunywa chai. Fundi friji akamfuata nyuma, anauliza wanakwenda wapi.

*

Mama mkwe alikuwa amewekwa kwenye kiti cha mikono kando ya kaunta, kama vile madukani wanavyoweka sanamu lenye nguo mpya. Uso umevimba chini ya macho. Mkono mmoja ulikuwa tumboni. Wateja walikaa kwenye mabenchi, na dereva wa lori alikuwa miongoni mwao.

"Mama," alisema Mama Uyoga, "usinywe tena kitu hicho. Kimeoza."

Vichwa vikageuka.

"Haya, wivu huo umeingia," Bi Marashi alisema. "Mnamwona? Alinisaidia kumwagilia, sasa anataka duka."

"Kama ni wivu, kunywa wewe. Hapa, mbele yao."

"Kwani ni sumu? Nipeni kikombe!"

Akamimina kutoka kwenye chupa ya chai. Akainua kikombe mpaka mdomoni, anatabasamu. Kisha mvuke ukamfikia puani. Yeye ndiye aliyeisaga mifuko ile, aliijua. Akakishusha, akacheka kidogo.

"Mimi si mgonjwa. Dawa hunywewa na mgonjwa. Mama, hebu waonyeshe."

Akamkabidhi mama yake kikombe.

Mama Uyoga alikuwa karibu sana. Angenyoosha mkono tu, angekipiga kikombe kile kikaanguka. Hakuunyoosha. Alitaka watu waone vizuri. Alitaka kila aliyekaa kwenye benchi aone mwanamke anavyompa mama yake kinywaji alichokikataa mwenyewe, na kwa ajili ya hilo alimwacha mzee ainue kikombe mpaka karibu na midomo.

Mama mkwe hakunywa. Alimtazama binti yake juu ya ukingo wa kikombe.

"Anza wewe."

"Mama, jamani!"

"Nimesema anza wewe. Nilikuwa nakuonjea kila kitu kabla hakijaingia kinywani mwako, hata maji. Leo nionjee."

Bi Marashi alitazama kikombe, akatazama wateja, akatazama kaka yake kana kwamba ataokolewa. Fundi friji alikuwa anaitazama sakafu. Hakuna aliyepokea kikombe. Mama mkwe akakiweka juu ya kaunta taratibu, asimwage hata tone.

Dereva wa lori akasimama, akaweka kopo lake kando ya kikombe. "Nirudishie changu."

Hapo kila mtu akasimama. Makopo yakaanza kugongana juu ya kaunta, sauti zikapanda, mtu akasema aitwe mwenyekiti wa mtaa, mwingine akasema aitwe polisi, mama mmoja akawa anapiga picha ya ile picha ya koti jeupe. Bi Marashi alipiga kelele juu ya wote:

"Mbegu alinipa yeye! Muulizeni alinipa mbegu gani! Muulizeni!"

Wakamgeukia. Ilikuwa rahisi kukana. Nani angemwamini Bi Marashi dakika ile?

"Ni kweli?" mama mkwe aliuliza.

"Ni kweli. Nilimpa mbegu yenye ukungu, na nilijua. Nilitaka mifuko yake ife, apate hasara, aaibike. Ukungu wa kijani kila mtu anauona, unatupwa. Haikunijia kwamba mtu atausaga."

"Ulijua lini kwamba anausaga?"

"Jana jioni."

"Ukalala."

"Nikalala."

Mama mkwe alitikisa kichwa mara nyingi, polepole, kama anayehesabu watoto wake na kukuta hawatimii. Dereva wa lori alimtazama Mama Uyoga, na macho yale hayakuwa ya mteja tena. Alichukua fedha zake, akatoka, akampita kwa mbali ingawa mlango ulikuwa mpana.

*

Aliyempeleka mama mkwe hospitali ni Mama Uyoga. Fundi friji aliachwa dukani. Mama yake alimwambia abaki huko huko alikozoea kusaidia. Njiani, gari lilipoingia kwenye shimo, mama mkwe alimshika mkwewe goti, na hakuuondoa mkono.

Muuguzi alimpima presha, akapima tena kwa kutoamini mashine. Akauliza maswali yake. Alipoambiwa vidonge vimeachwa, alivua miwani.

"Tumbo litatulia," alisema. "Mengine ataamua daktari. Lakini kwa presha hii, mama, ungeanguka wiki hii. Nani alikwambia uache dawa?"

"Watu wa nyumbani."

"Na huyu uliyekuja naye ni nani wako?"

"Mke wa mwanangu," mama mkwe alisema. "Ndiye aliyeniumiza na ndiye aliyenileta. Andika unavyojua."

Muuguzi aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaona si kazi yake. Akawaambia wakangoje nje.

Walikaa kwenye benchi refu, watu wengi, hewa kidogo. Mama Uyoga aliweka mkoba wa mama mkwe magotini pake. Alitazamia kusikia kitu kimelegea kifuani sasa. Duka litafungwa, hilo lilikuwa wazi. Jina la Bi Marashi lingesemwa mtaani kwa kutema mate, na lake huenda pamoja nalo. Hakuna mgonjwa atakayebisha tena mlangoni kwake, na alijua hawatakuwa wamemwonea. Haya yote aliyapima, na bado alipokumbuka lile kopo dogo likishindiliwa kiganjani, taya zake zilikaza palepale.

"Umeridhika?" mama mkwe aliuliza, bila kumgeukia.

Mama Uyoga alifikiri. Mzee alistahili jibu la kweli, angalau hilo.

"Bado, mama."

Mama mkwe aliguna. Ingeweza kuwa maumivu, ingeweza kuwa kicheko. Mlango wa daktari ukafunguka na jina lake likaitwa. Akanyoosha mkono hewani, kiganja juu.

"Basi ninyanyue kwanza," alisema.